Bi Mize Hamad, Fundi Aliyetenganisha Kijani na Kijani

Tarehe 30 Septemba 2025, Bi Mize Hamad Ubwa atastaafu baada ya kuitumikia Studio Asumini ya Mkunazini kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida letu nimepewa mimi wa mapokezi. Bw. Basil, mwenye studio, alisema nichaguliwe kwa sababu nimetoka harusini juzi tu na moyo wangu bado laini. Ni kweli, sibishi. Tangu nimeolewa na Ridhwan wangu nasikia hata feni ya ofisini inaimba. Lakini hata ningekuwa na moyo mgumu kama kokwa la tende, kumwandika Bi Mize kungeulainisha.

Bi Mize ni mzaliwa wa Jambiani. Alikuja mjini akiwa msichana, akamaliza kidato cha nne, akaolewa na Bw. Mwalim, na mwaka 1994 akaajiriwa hapa kupokea wateja na kuandika risiti, kazi hii hii ninayoifanya mimi leo. Siku hizo video ndiyo kwanza inaingia katika harusi zetu, na Bw. Basil alikuwa na kamera mpya na tatizo moja kubwa: hakuna familia itakayomruhusu mwanamume kuingia na kamera katika ukumbi wa wanawake. Akamwangalia Bi Mize, akaiangalia kamera, akamwambia, "Wewe ndiye mpiga video wangu." Bi Mize akamjibu kwamba hajawahi kuishika. Bw. Basil akasema, "Hata hao waliokwishaishika hawaingii."

Harusi yake ya kwanza ilikuwa Kikwajuni, na sehemu kubwa ya kanda ile ilitoka viatu. Alidhani kamera ameizima, kumbe anatembea nayo mkononi inaandika miguu ya watu. Bw. Basil alikuwa tayari kurudisha fedha za watu. Kumbe siku ile ile kulikuwa na ugomvi, kwani shangazi wa bwana harusi alirudi nyumbani na kandambili badala ya viatu vyake vipya vya ngozi. Kanda ikachezwa mbele ya familia zote mbili, viatu vikaonekana wazi vinatoka mlangoni na miguu isiyo yake, na vikarudi kwa mwenyewe kabla ya magharibi. Familia ile imetuletea harusi zake zote tangu hapo.

Ni Bi Mize aliyeomba tujengewe Chumba cha Kike. Kwa wageni watakaosoma jarida hili, hicho ni kile chumba cha juu chenye pazia la zambarau, ambamo picha za siku za wanawake huhifadhiwa na kutengenezwa na wanawake tu. Kompyuta zake hazijaunganishwa na mtandao wowote. Mwanamume anayetaka kusema neno anasimama ngazini na kupiga hodi, akiwemo Bw. Basil mwenyewe. Mama zetu huvua mabuibui na kucheza mbele ya kamera yetu kwa sababu wanajua picha zile zinakwenda kwa Bi Mize, na kwa Bi Mize haziendi kwengine. Sifa hiyo hainunuliwi dukani.

Lakini kilichompa jina mji mzima ni kitambaa cha kijani. Mnakijua: bi harusi anakalishwa mbele ya kitambaa cha kijani, halafu kwenye kompyuta kile kijani kinaondolewa na nyuma yake anawekewa bustani, kasri, au mji wowote anaoutamani. Kitambaa chetu cha kwanza Bi Mize alikinunua Darajani, satini safi inayong'aa, na kwa mng'ao wake kila bi harusi alitoka na mashavu ya kijani kama aliyejipaka mchicha. Akajifunza. Akatafuta pamba isiyong'aa, akamsogeza bi harusi mbele mbali na kitambaa, akaweka taa za kitambaa mbali na taa za mtu.

Kisha akaja bwana harusi mmoja kutoka Mkokotoni, kijana mcheshi, anataka aonekane amesimama kwenye mlango wa ndege. Akavaa kofia nzuri ya kiua iliyotariziwa kwa uzi wa kijani. Bi Mize akabonyeza kifaa chake, kitambaa kikaondoka, na kila ua la kofia likaondoka nalo. Mawingu yakaonekana yakipita ndani ya kichwa cha bwana harusi.

"Bi Mize, umenitoboa kichwa!" alilalamika yule kijana.

"Mwanangu," Bi Mize alimjibu, "akili zako zote zimekwenda kwa mchumba. Nilidhani humo ndani mna nafasi."

Akaitengeneza upya bila malipo, na tangu siku hiyo ikawa sheria ya mapokezi: kila mteja aulizwe atavaa rangi gani. Akisema kijani, tunatundika kitambaa cha buluu.

Watu wengi hudhani kazi hii ni kubonyeza tu. Bi Mize ametufundisha kwamba ugumu uko katika kuchagua ubonyeze nini. Kipo kifaa kinachoshika rangi moja na kuifuta popote kinapoikuta; hicho ni chepesi na kinafaa kwa mtu aliyevaa suti nyeusi na nywele fupi. Kipo kinacholinganisha picha ya kitambaa kitupu na picha ya kitambaa chenye mtu mbele yake, kikaacha kile kilichozidi. Hicho ni kizito, lakini kinajua kubakisha unywele na nguo nyembamba inayoonyesha. Ipo njia ya kuchora ukingo wa mtu kwa mkono, picha moja baada ya moja, ambayo haikosei rangi lakini inakula siku na macho. Na sasa vimekuja vya akili mnemba, vinavyomtambua mtu mwenyewe bila kujali amevaa nini. Shemsa, anayerithi kiti chake, amenitajia maswali ambayo Bi Mize huyauliza kabla ya kugusa chochote: nywele na ushungi wake ukoje, nguo ina rangi gani, na picha hii nani ana ruhusa ya kuiona. "Picha ndiyo inayochagua kifaa," husema. "Ukianza na kifaa utamlazimisha bi harusi afanane nacho."

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu kazi kubwa ya mwisho ya Bi Mize ilikuwa harusi yangu mimi.

Nimelelewa na bibi yangu, Bi Fatma. Yeye aliolewa katika nyumba ya ukoo wetu Kiponda, akakaa siku yake ya hina katika chumba cha juu chenye kitanda cha besera, kile cha nguzo nne na paa la kitambaa, na dirisha la vioo vya rangi. Tangu nikiwa mdogo akinisuka nywele aliniambia, "Nnataka nikuone umekaa chumbani mwangu, kisha Mungu anichukue akipenda." Nyumba ile ilianguka katika mvua za masika miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini chumba hakipo tena. Kimebaki katika picha moja kubwa ya rangi iliyopigwa na ami yangu. Na ami yangu huyo, anayeishi Maskati, alikuwa amekwishamkatia Bibi tiketi. Bibi angeondoka kwenda kuishi huko siku mbili baada ya fungate yangu, na kwa afya yake sote tulijua harudi. Kwa hiyo nilimwomba Bi Mize jambo moja tu: aniweke katika chumba kile, na Bibi akione kabla ya kupanda ndege.

"Umeshapata," Bi Mize aliniambia. Hakuuliza zaidi.

Na hapo ndipo tulipokosea sote, kosa ambalo lisingempata mgeni hata mara moja. Hakuna aliyeuliza rangi ya nguo yangu. Mimi ni mtoto wa studio, na mtu wa nyumbani haulizwi kama mteja. Mazin wa vifaa alitundika kitambaa cha kijani nyumbani kwetu tangu asubuhi, akaondoka kabla wanawake hawajafika. Huku chumbani Bibi akafungua kasha lake na kunitolea zawadi aliyoificha kwa siri miaka yote: kanzu yake mwenyewe ya siku ya hina, kijani kiwivu, kilichokolea, cha zumaridi, imetariziwa kwa nyuzi za fedha, na ukaya wake wa kufunika kichwa, mwembamba kama mvuke. Kwa watu wetu wenye asili ya Oman, kijani ndiyo rangi ya hina. Nani asiyejua? Sote tulijua, na hakuna aliyekumbuka.

Nilitolewa nimefunikwa, nikashikwa mikono, nikakalishwa. Bi harusi haangazi macho, kwa hiyo nami sikuangalia nyuma yangu kuna nini. Nilipofunuliwa, vigelegele vikapanda mpaka darini. Bi Mize, nyuma ya kamera, aliona mara moja. Shemsa aliyekuwa ameshika taa anasema alimsikia akinong'ona, "Ya Rabbi, kijani juu ya kijani."

Shemsa akamsogelea. "Tusimamishe? Tubadilishe kitambaa?"

Kwetu bi harusi akishakalishwa kwa hina hainuliwi mpaka dua isomwe. Ukimwinua, kila mama aliyepo ataondoka na mkosi wake wa kusimulia. Bi Mize akamtazama Bibi, ambaye alikuwa ananiangalia mimi na kanzu yake kana kwamba chumba kizima ni chetu wawili. Akamwambia Shemsa, "Usimguse mtoto. Hii taabu naichukua mimi."

Akaendelea kupiga mpaka mwisho, anatabasamu. Mimi sikujua lolote. Niliolewa na Ridhwan wangu, nikaingia fungate, raha mustarehe, naletewa chai ya maziwa na vitumbua na naambiwa nimependeza. Yaliyotokea Chumba cha Kike siku hizo nimeyajua baadaye, kwa Shemsa aliyekuwa ndani na kwa Mazin aliyekuwa ngazini.

Bi Mize alijaribu kwanza kile kifaa cha kushika rangi, ili aone hasara ni kubwa kiasi gani. Kanzu ikapotea yote. Kikabaki kichwa changu, na mikono miwili yenye hina inayoelea hewani. Shemsa akaangua kicheko, kisha akalia. Bi Mize akamwambia, "Cheka kwanza, umalize. Tutalia tukishindwa."

Mazin akapiga hodi. Alikuwa ameshajisuta vya kutosha kwa kile kitambaa, masikini, na alikuja na dawa. "Bi Mize, shikamoo. Kipo kifaa cha akili mnemba, wallahi hakijali kijani wala nyekundu. Kinamkata mtu kama kisu. Saa moja tu nshamaliza."

"Marahaba. Kinafanya kazi humu humu ndani ya kompyuta?"

"Hapana, hicho kizuri ni cha mtandaoni. Unaipeleka video kwenye kompyuta zao huko, inarudi tayari."

"Huko wapi?"

"Huko... mbali."

"Mwanangu Mazin, humu mna mama yako mzazi anacheza, hana hata mtandio. Nimpeleke huko mbali?"

Shemsa anasema sauti ya Mazin ilirudi ndogo. "Hapana, Bi Mize. Tena hapana kabisa."

Alipouona uzito wenyewe, yeye ndiye aliyekwenda kutafuta kompyuta yenye nguvu zaidi, akaipandisha mpaka kwenye pazia ili kazi ifanyike ndani. Nami namshukuru sana hapa hadharani.

Kilichotuokoa ni tabia moja ya Bi Mize ambayo tulizoea kumtania nayo. Kila anapokwenda, kabla mtu hajakaa, yeye hupiga picha ya kitambaa kitupu. Wanawake humcheka, "Bi Mize, unampiga picha jini?" Naye hujibu, "Jini halinung'uniki kama nyinyi." Siku ile pia alikipiga kitupu, kwa taa zile zile. Na kanzu ya Bibi ilikuwa kijani kiwivu, wakati kitambaa kilikuwa kijani kichanga kama jani la mgomba jipya. Kwa jicho la haraka ni kijani na kijani, lakini kwa kifaa cha kulinganisha ni nuru mbili tofauti.

Akachagua hicho kwa nywele na ukaya. Kwa kanzu yenyewe hakukiamini, kwa sababu kila mahali panapong'aa kwenye nyuzi za fedha palitoboka. Hapo akashika kalamu ya kompyuta, yeye kwa zamu na Shemsa, wakachora umbo la kanzu ndani ya kingo zake picha baada ya picha, ili liwe ngao kifaa kisiile. Halafu likabaki jambo ambalo wengi hulisahau. Kitambaa cha kijani humwagia mtu rangi yake, na dawa yake ya kawaida ni kuipunguza kijani picha nzima. Wangefanya hivyo, kanzu ya zumaridi ya Bibi ingegeuka rangi ya majivu. Ikabidi kijani kiondolewe usoni na kwenye ukaya, na kanzu iachwe na kijani chake chote alichokipenda mwenyewe. Bw. Mwalim, ambaye siku hizi anakaa Jambiani na humpigia simu mkewe kila adhuhuri kumuuliza kama amekula, wiki ile alichoka kusikia "bado" akaja mwenyewe mjini na sufuria la pweza wa nazi, akaliacha ngazini kwa heshima zote. Jamani, mapenzi. Nimemwambia Ridhwan: hivyo ndivyo tutakavyozeeka.

Nilitoka fungate siku ya Ijumaa. Baada ya sala wanawake wakakusanyika kwa Bibi, katika fleti yetu ya Michenzani, mashoga zake wote waliowahi kupanda ngazi za ile nyumba ya Kiponda. Bibi alikalishwa karibu kabisa na televisheni. Bi Mize alisimama mlangoni, hakutaka kiti. Aliniambia baadaye kwamba kulikuwa na mahali, kwenye ukingo wa mkono wa kanzu ninapoinua kiganja, ambapo paliyumba kidogo, na alikuwa anapasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Picha ikaja. Nilikuwa nimekaa pale. Kitanda cha besera nyuma yangu, kioo cha ukutani, dirisha la vioo vya rangi limefunguliwa upande mmoja, na mimi katikati nimevaa kijani cha Bibi, ukaya juu ya nywele zangu, na kupitia ukaya ule mtu aliona nguzo za kitanda kama kawaida ya macho. Bi Amne, shoga wa Bibi, aliziba mdomo wake kwa mtandio.

Mkono ukainuka, ukingo ukayumba, ukapita. Bibi alikuwa ameegemea mbele. Bi Mize akashika fremu ya mlango.

Kisha Bibi akakunja uso, akanyoosha kidole kwenye skrini, akasema kwa ile sauti yake ya kuamrisha nyumba nzima, "Nani kaliacha dirisha lile wazi? Lifungeni, mvua itaingia chumbani."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Naam, Bi Fatma," alisema Bi Mize. "Nalifunga."

Akavuka chumba, akapita mbele ya wanawake wote, akalifunga dirisha la fleti yetu, akakaza na kitasa. Bibi alisikia kile kitasa. Akajiegemeza kitini, akalegeza mabega, akanishika mkono bila kuondoa macho kwenye picha.

"Haya," akasema. "Sasa mwanangu amekaa."

Bi Mize hakupewa sifa nyingine siku ile, wala hakungoja. Nilimkuta jikoni anakunywa maji, machozi yanamtiririka, anacheka. Bibi alisafiri Jumapili, ametulia, na video yake ndani ya mkoba wake wa mkononi. Ami anasema huko Maskati anaiangalia kila siku baada ya alasiri na hamruhusu mtu kupita mbele ya televisheni.

Bi Mize, sisi wa Studio Asumini tunakushukuru. Bw. Basil anakushukuru kwa jina jema ulilompa mjini. Shemsa anakushukuru kwa kiti na kwa subira. Mazin anakushukuru kutoka ngazini. Mama zetu, waliocheza mbele ya kamera yako bila hofu, wanakushukuru kuliko wanavyoweza kusema. Na mimi, mke wa mtu sasa, sina neno linalotosha, kwa hiyo nakuombea dua. Nenda Jambiani kwa Bw. Mwalim wako, ukale chakula cha mchana kwa wakati wake, macho yako yapumzike, afya ikae nawe, na nyumba yenu ijae wajukuu na vicheko. Maisha yako ya mbele yawe mema, na mapenzi yenu yawe mapya kila asubuhi.

Khawla Sleiman, Mapokezi